Kicheko Kilichopotea Njiani

Katika kampuni ile ya simu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Sikio. Hata mlinzi wa getini, ambaye kazi yake ni kuandika majina kamili, aliandika hivyo hivyo kwenye daftari lake: Sikio, saa mbili kasoro dakika tano. Jina alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, siku aliposimama nyuma ya fundi aliyekuwa akipiga simu ya majaribio akasema, "Hiyo sauti imechelewa." Fundi akamcheka. Wakapima. Ilikuwa imechelewa kweli, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kazi yake ilikuwa kulinda ubora wa sauti kwenye simu zinazopita katika mtandao wa intaneti. Wengi wetu tunadhani tukisema "haloo" neno linasafiri zima zima kama yai. Wapi! Mtambo unaikata sauti vipande vidogo vidogo, hamsini kwa kila sekunde, kisha upande wa pili mtambo mwingine unavipokea na kuviunganisha. Vikichelewa, sauti inakwaruza. Vikipotea vingi, mtu anasikika kama ametumbukia kwenye pipa. Sikio alikuwa na skrini tatu mezani, na kila mtaa ulikuwa na alama yake, kuanzia moja hadi tano. Moja ni aibu. Tano haipo. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuona simu iliyopata tano, na ukimuuliza kwa nini, alikujibu bila kugeuka, "Tano labda mtu awe mbele yako."

Sasa, mwezi ule Sikio alikuwa anatembea juu juu, kama mtu aliyevaa viatu vipya. Alikuwa ameweka kichujio cha kelele. Yeye na Waya, fundi mitambo mwembamba aliyepewa jina lake kwa haki kabisa, walikaa miezi miwili wakikifundisha kichujio hicho kutofautisha maneno ya mtu na makelele ya dunia: feni, pikipiki, nyundo za mafundi, redio ya jirani. Wafanyakazi walisoma sentensi mia mbili, wakarekodiwa. Mbuzi wa jirani amekula nyanya zote. Tafadhali funga dirisha kabla ya mvua. Sentensi zote zilipita safi, feni zikanyamaza, na malalamiko ya wateja yakapungua kwa theluthi. Sikio akapewa cheti chenye fremu. Mkuu wa kitengo, mzee mpole anayependa sana picha za mistari inayopanda, alikuwa amejiandaa kukitangaza kichujio mbele ya wakubwa Jumatatu saa tano.

Wiki tatu baada ya kichujio kuwashwa, Jumamosi kama kawaida, Sikio alikwenda kumsalimia mama yake. Alimkuta ameketi kwenye chumba cha wageni, juu ya kitanda kipya kisicho na shuka, anatazama ukuta.

Chumba hicho kilikuwa na habari yake. Mama mdogo wa Sikio, mdogo wake huyo mama, alikuwa mshonaji katika mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa basi. Kila siku baada ya chakula cha mchana alimpigia dada yake simu kumsimulia vituko vya wateja, na dada yake akacheka. Miaka kumi na tisa, hawajaruka siku. Macho yalipoanza kumchoka mama mdogo, walikubaliana afunge duka aje wakae pamoja. Chumba kikapakwa rangi, na chini ya dirisha ikawekwa meza ya kuegesha cherehani yake.

"Haji," mama alisema.

"Nani haji?"

"Mama yako mdogo. Ameniambia tafuta mpangaji. Anasema nimebadilika, eti akinisimulia nakaa kimya kama jiwe, na yeye hawezi kwenda kuzeekea kwa mtu anayemnunia. Mimi! Siku ile nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Yeye ananiuliza, 'Dada, umekasirika?' Kabla sijavuta pumzi nimjibu, amekata. Leo siku ya tisa hapokei simu yangu."

"Mtapatana, Mama. Vyombo vikiwa kabatini havikosi kugongana."

"Kabati lenyewe liko wapi, na yeye haji?"

Sikio akainuka. Akaenda jikoni kuchemsha chai, kama tunavyofanya sote maneno yakituishia.

Walikuwa wanakunywa chai simu ya mama ilipolia. Muuza mayai, rafiki yake wa siku nyingi. Mama alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akaiacha simu mezani, akabonyeza sauti ya nje kwa kidole kidogo. Muuza mayai akaeleza jinsi kuku wake alivyopotea siku mbili, akapatikana kwa mwenye nyumba, ametaga ndani ya kofia mpya ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba mwenyewe anaogopa kuku.

Niseme kidogo juu ya kicheko cha mama huyo, maana hakina adabu. Kinaanza bila sauti, mabega yanatikisika tu. Halafu kinapiga mluzi kama birika. Kisha kinalipuka, mkono unapiga paja, machozi yanatoka, na mwisho kunakuja kikohozi na "Wee, utaniua!" Ndivyo kilivyokuja siku hiyo, chai ikamwagika. Na katikati ya mlipuko huo sauti ya muuza mayai ikatoka mezani: "Haloo? Haloo! Upo? Simu gani hizi jamani, kila nikikuchekesha inakufa!"

Sikio akaweka kikombe chini.

Alitoka hadi uani akampigia mama yake aliyekuwa ndani. "Mama, cheka."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu."

"Ha. Ha. Ha," mama akasema, na ha zote tatu zikafika safi, hakuna hata moja iliyokwaruzwa. Ndiyo maana, Sikio akawaza. Ha ya kutamka ni neno, kichujio kinaijua. Ila kile kicheko cha birika na kikohozi hakifanani na sentensi yoyote kati ya zile mia mbili. Nani anacheka akisoma habari za mbuzi na nyanya mbele ya kipaza sauti? Kichujio kilikisikia kicheko, kikakiona pikipiki, kikakifuta, pamoja na 'Wee, utaniua!' iliyochanganyika nacho. Na skrini haikushtuka, kwa sababu kimya nacho kilifika kwa wakati, vipande vyote vimetimia. Kila simu ya Mama Mdogo ilikuwa imepata alama nzuri.

Kisha akakumbuka jambo lililomuuma kuliko hilo. Yeye humpigia mama yake kila siku. Wiki tatu nzima, kila siku, na hakugundua kitu, kwa sababu hakuwahi kumchekesha hata mara moja. Umekula? Dawa umemeza? Haya, kwaheri. Alisimama pale uani karibu na kamba ya nguo, mwanamke mzima mwenye cheti, akaona aibu.

Jumatatu saa tatu asubuhi alimleta mama yake ofisini. Mlinzi akaandika: Sikio, na mama yake Sikio. Waya alisikiliza maelezo huku akijikuna shingo.

"Dada Sikio, mbona tulipima? Hebu tujaribu." Akachukua simu ya majaribio, akacheka. Ikapita. Akaja mhasibu, akacheka, ikapita. Akaja dada wa mapokezi, akacheka kwa madaha, ikapita vizuri zaidi. Vyote vilikuwa vicheko vya ofisini, vile tunavyompa bosi.

"Tunataka kicheko cha kweli," Sikio alisema. "Mama, zamu yako."

"Mwanangu, kicheko hakiagizwi kama soda."

Wakajaribu kumchekesha. Waya alitoa kisa chake kinachosifiwa jengo zima, cha mteja aliyeleta simu imezama kwenye uji. Mama akatabasamu. "Nzuri, mwanangu," akasema. Hakuna kinachomkausha msimuliaji kama kuambiwa nzuri, mwanangu. Waya akarudi kwenye kiti chake akiwa mwembamba zaidi.

Ilikuwa saa nne na nusu. Sikio alijua kuna mtu mmoja ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kushindwa kazi hiyo. Akampigia.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kama amekutuma, mwambie nimeshasema."

"Hajanituma. Kosa ni langu." Akamweleza yote, kichujio, pikipiki, kila kitu.

"Unamtetea mama yako," Mama Mdogo alisema. "Ni vizuri, mtoto amtetee mama. Lakini mimi si mjinga. Simu inaleta maneno yake yote, isipokuwa kicheko? Kicheko kina kosa gani?"

"Basi nisaidie kikazi tu. Simulia kisa kimoja. Yupo hapa, ameshika simu nyingine."

"Nitasimulia kwa ajili yako. Si kwa ajili yake."

Waya akaiunganisha simu ya mama kwenye mazungumzo, akaweka sauti ya nje, akafungua mistari miwili kwenye skrini. Wa juu ulionyesha sauti inayoingia kutoka kwenye simu ya mama. Wa chini, sauti inayotoka baada ya kichujio. Mama akaishika simu kwa mikono miwili.

Mama Mdogo alianza kwa sauti kavu, ya mtu anayesoma tangazo. "Kuna jirani yangu ana tumbo, na tumbo lake anamsingizia kaka yake. Kila akija kushona suruali anasema, ni ya kaka, nipime mimi, tuko sawa. Nikapima. Baada ya miezi miwili, kaka amenenepa, ongeza kiuno. Nikaongeza. Mwaka jana peke yake nimemshonea kaka suruali kumi na moja." Sauti ilikuwa imeanza kulainika, msimuliaji hawezi kujizuia. "Mwezi uliopita akazileta zote niziongeze kiuno tena. Wiki iliyopita alikuja kuzichukua, ameziweka kwenye mfuko, anaaga. Mlango ukafunguliwa. Nani kaingia? Kaka mwenyewe, katoka safari! Mwembamba, ukimtazama upande humwoni. Nikasema, shemeji, karibu, nguo zako ziko tayari. Nikamnyang'anya jirani mfuko, nikampa. Akazichukua! Zote! Akanishukuru!"

Mabega ya mama yalikuwa yameshaanza. Likaja birika. Ukaja mlipuko, paja likapigwa, na dada wa mapokezi akakimbilia mlangoni kuona kuna nini. Mstari wa juu ulipanda milima. Mstari wa chini ulilala kama nguo iliyopigwa pasi.

"Umeona?" Mama Mdogo alisema, na safari hii sauti yake ilitetemeka. "Kimya. Nilikwambia. Mwisho wake simwambii."

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama nyuma yao, makaratasi ya mkutano mkononi. Aliutazama mstari wa juu, akautazama wa chini, akamtazama Sikio.

"Zima," Sikio alimwambia Waya.

"Kwenye simu hii, au kote?"

"Anza na hii. Halafu kote." Kisha akaegemea simu. "Mama Mdogo, tafadhali. Nimalizie mimi."

Mama Mdogo akavuta pumzi. "Kesho yake asubuhi," akasema polepole, "jirani amekuja dukani, kajifunga kitenge cha mke wake. Kasimama hapo. Kaniambia, mama, kaka yangu anahitaji suruali nyingine."

Na kicheko kikapita. Kilipita chote, birika, kofi la paja, kikohozi, kila kipande, na kikafika kwenye duka la ushonaji umbali wa saa nane kwa basi. Kicheko kikaendelea kumwagika sikioni mwa Mama Mdogo.

"Dada?" akasema mwishowe.

"Wee, utaniua!"

"Dada, siku zote ulikuwa unacheka?"

"Siku zote, mdogo wangu. Siku zote."

Walilia kidogo, wote wawili, na mhasibu naye. Halafu Mama Mdogo akapenga kamasi kwa nguvu, na sauti hiyo nayo ikafika vizuri. "Subiri. Kile cha bwana harusi aliyeficha soksi, ulicheka?"

"Nilianguka kitini!"

"Sikusikia. Naanza upya. Halafu kile cha mapazia. Vyote vya siku zile navirudia, na nataka kusikia kila kimoja."

Akaanza upya. Mkuu akavuta kiti akakaa, na ilipofika saa tano kasorobo ikabidi Sikio amguse bega.

"Sasa wakubwa nikawaambie nini?" aliuliza akijifuta macho.

"Waambie nilikosea, na tumeshajua wapi. Nipe wiki tatu."

Zikawa tano. Feni na pikipiki zilirudi kwa muda, na malalamiko yakarudi nazo, Sikio akayajibu mwenyewe moja baada ya jingine. Kicheko cha mama yake kikawekwa kwenye majaribio, namba mia mbili na moja, baada ya mbuzi na nyanya. Mpaka leo hakuna kichujio kinachowashwa pale kabla hakijakipitisha kicheko hicho kizima, na kikohozi chake.

Jumamosi ya kwanza baada ya kichujio kipya kuwashwa, Waya alimpigia Sikio kumpa matokeo. Alimkuta amesimama kwenye mlango wa kile chumba cha wageni, mkononi ana shuka. Cherehani iko chini ya dirisha. Mama Mdogo alikuwa juu ya kiti anatundika pazia na kusimulia, na mama amekaa kitandani, hajiwezi.

"Hicho kicheko nakisikia hadi huku," Waya alisema. "Huku kwangu nakipa nne na nusu. Kwako je?"

Sikio alitaka kumjibu, lakini Mama Mdogo alikuwa amefika mwisho wa kisa, na yeye mwenyewe tayari mabega yalikuwa yanamtikisika, bila sauti. Halafu likaja birika.

"Dada Sikio? Haloo?"

"Nipo," akasema alipoweza. "Huku ni tano."