Mapazia ya Madirisha Manne

Mama alinipa uzi wa katani, akaniagiza nikapime madirisha yote manne ya nyumba ya Ruiru tuliyotaka kununua, nifunge fundo kila pale dirisha linapoishia. Nilimwambia ajenti anayeiuza ana vipimo kwenye karatasi. Akaniuliza kama huyo ajenti amewahi kushona pazia.

Tulikuwa tunaishi Kiganjo, mtaa wa Thika, ghorofa ya nne, mimi na yeye. Mama alikuja Thika kutoka magharibi akiwa msichana, akashona kwenye kiwanda cha nguo mpaka kikafungwa, na katika miaka hiyo yote amehama nyumba za kupanga mara kumi na moja. Anaweza kukutajia kila moja na ubaya wake. Kule kwao hakuwa tena na pa kurudi; hilo tulishalizungumza likaisha. Magoti yalipoanza kumsumbua nilimtafutia chumba cha chini mtaa huo huo, akakataa katakata. Chumba cha kupanga ni chumba cha kupanga, akasema, kiwe juu au chini.

"Ngazi hizi nitashuka mara moja tu," aliniambia, "na nikishuka, naenda kwangu."

Basi akawa hashuki. Misa aliisikilizia redioni, sala za jumuiya akazisoma kwenye simu, na Jumatano wanajumuiya walipanda kusali naye, wakifika mlangoni wanahema. Kutoka Pasaka hadi siku ile ya uzi, mama hakuwa amekanyaga udongo.

Nyumba ya Ruiru ilikuwa ya chini, vyumba viwili, na nyuma ilikuwa na kipande cha udongo cha kutosha mistari mitatu ya sukuma. Ajenti alinitembeza chumba hadi chumba, akanishikia ncha moja ya uzi nilipokuwa nikipima, akacheka vizuri. Alikuwa na adabu mpaka nikaona haya kumuuliza maswali. Nilimwambia sacco imeshanikubalia mkopo. Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

"Madam, nyumba hii ihesabu ni yako," akasema. "Nangoja tu wakili amalize agrimenti. Jumatatu nakupigia."

Kosa lililofuata ni langu, na nitalisema mwenyewe. Jumapili hiyo nilisimama kanisani wakati wa shukrani, nikatangaza kwamba Mungu ametupa nyumba. Kwetu mtu hashukuru akiwa amekaa kimya kwenye benchi, na mimi nilikuwa nimeombewa na watu wengi mno hata nisiweze kunyamaza. Wakapiga makofi. Jumatano jumuiya ikapanda zile ngazi na zawadi za kuingia nyumba: sufuria, mkeka, thermosi, na kitambaa cha mapazia rangi ya chai ya maziwa. Mama hakungoja wageni wamalize kunywa chai. Alifungua uzi wake wenye mafundo, akashika makasi, akakata.

Jumatatu ilikuwa imeshapita bila simu. Nilijiambia mawakili ni watu wa shughuli nyingi. Wiki ya pili nikaanza kupiga mimi. Simu ililia hadi mwisho, kila mara. Nikaandika ujumbe, tiki mbili zikawa buluu, nikakaa nikizitazama kama mjinga. Baada ya siku tatu akanijibu: "Niko kwa mkutano. Nitakupigia." Nilifurahi, nikamsomea mama kwa sauti. Naona aibu kusema nilivyofurahi.

Wiki ya nne nilienda ofisini kwao, mjini Thika. Dada wa mapokezi alinieleza kwamba ajenti yuko Juja na wateja, kisha akafungua daftari kubwa aandike namba yangu. Nilipoinama kumtajia, niliiona namba hiyo hiyo mistari michache juu, kwa mwandiko wake, tangu nilipopiga simu ya ofisi wiki iliyotangulia. Chini yake kulikuwa na namba za watu wengine. Nilimwonyesha kwa kidole. Akaniandika tena.

Kama ajenti angenikatalia, ningelia siku moja nikaanza kutafuta kwingine. Lakini hakunikatalia. Niliacha kuangalia nyumba nyingine kwa sababu ile ilikuwa yetu, na haikuwa yetu. Kila jioni nilipoingia mama aliinua mguu kwenye pedali ya cherehani, akauliza, "Wamesema nini?"

"Wanashughulikia," nilijibu.

Baadaye jibu hilo likachakaa, nikaongeza mengine. Wakili anaugua. Mwenye nyumba amesafiri. Nilikuwa nadanganya kwa urahisi ulionitisha. Mama alimaliza mapazia yote manne, akayapiga pasi, akayakunja, akayaweka kwenye begi kando ya mlango, na viatu vyake vya kanisani juu yake. Nililiruka begi hilo kila asubuhi nikienda kazini.

Jumamosi moja niliacha kupiga simu nikaenda Ruiru mwenyewe. Madirishani kulikuwa na mapazia ya kijani. Nilibisha hodi hata hivyo. Alitoka mama mmoja wa rika langu, mikono ikiwa na unga, akanikaribisha ndani kabla sijasema shida yangu. Nilipomtaja ajenti, uso wake ukachangamka.

"Kumbe unamjua?" akasema. "Mimi nimehamia hapa mwezi mzima sasa, na hati sijaiona. Hashiki simu. Kama uko na namba yake ingine, nisaidie, tafadhali."

Nikatoa simu, naye akatoa yake, tukalinganisha. Ilikuwa namba moja. Alinipa maji, nikanywa nikitazama dirisha nililolipima kwa mikono yangu. Mapazia yake yalikuwa mafupi, yameishia shubiri nzima juu ya ukingo. Nilitamani kumwambia kwamba Kiganjo kuna mengine yanayotosha. Nilimshukuru kwa maji, nikatoka, nikapita kando ya sukuma yake iliyokuwa imeshashika vizuri.

Nilikuwa sijafika barabarani simu ilipolia. Alikuwa mama. Nilijua swali lake, na safari hii nilikuwa na jibu la kweli, la kwanza baada ya miezi miwili. Nilisimama pale nimeshika simu, nikaitazama ikilia hadi ikanyamaza. Ikalia tena. Sikuweza.

Nikamwandikia, "Niko kwa mkutano. Nitakupigia."

Tiki mbili zikawa buluu. Hakunijibu, na niliporudi jioni hakuniuliza wamesema nini. Begi halikuwepo tena mlangoni. Alikuwa amelisukuma chini ya kitanda, na viatu vyake ameviweka juu ya kabati, pale asipofika bila kupandia kiti.