Injini Kubwa, Breki Zilezile

Wenye malori walimbandika fundi huyu jina la Kigingi, wala hawakukusudia kumsifu. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha gari lililokwisha kutengenezwa, likazuiwa gereji kwa sababu ya bomba la upepo lililochakaa au bolti isiyoshika. Fundi mwenyewe akiitwa hivyo huitika, kisha huendelea kukaza nati.

Lori lililompa mtihani mkubwa kuliko yote lilikuwa la mjomba wake, aliyewalea yeye na dada yake wakiwa yatima, na aliyemwazima kiwanja cha gereji. Dereva wake alikuwa mume wa dada huyo. Lori lilibeba kokoto kutoka machimbo ya bondeni, likapanda mlima, likashuka upande wa pili hadi mjini. Mlimani lilijikokota kama kobe mwenye mimba, na madereva wa nyuma walikuwa wakimwuliza shemeji kama amebeba kokoto au anausukuma mlima wenyewe.

Mjomba alichoka kuchekwa. Akanunua injini iliyotumika, yenye turbo, na bila kungoja akaongeza kimo cha mbao za ubavuni ili mzigo uzidi. Tangu siku ya kwanza Kigingi alimwambia kwamba breki nazo zibadilishwe. Jibu likawa tutaona.

Basi akaifanya kazi kama inavyopasa. Alikata vishikio vya injini ya zamani, akachomelea vipya kwenye chasisi, akaweka klachi nzito na rejeta pana. Injini ilipounguruma, wauza vipuri wa jirani walitoka vibandani mwao wakapiga makofi. Kigingi akaizima, akatia ufunguo mfukoni mwa ovaroli yake, akasema gari halitoki.

Nami naandika haya kwa hasira, kwa kuwa makofi yale nayajua. Sisi sote huuliza gari linapandaje, hatuulizi linashukaje. Tunamshangilia mwenye kununua nguvu, na siku ya msiba tunasema ni kazi ya Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyeongeza zile mbao.

“Nilikuomba nguvu,” Mjomba alisema. “Sikukuomba hotuba.”

“Mjomba, injini hii umeitoa wapi?”

“Unajua nilikoitoa.”

“Kwenye lori lililolala korongoni. Nimeifungua yote, haina hata mkwaruzo. Dereva wake hakuuawa na injini.”

Mjomba akamkumbusha kiwanja ni cha nani, na kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kigingi alijibu kwa adabu kwamba atahama, ila ufunguo utatoka kwa sharti moja: Mjomba mwenyewe akae kando ya dereva, lori likishuka na mzigo kamili.

Mjomba akacheka. Akataja umri wake, akataja presha, akataja magoti.

Shemeji alikuwa ameketi juu ya tairi na kikombe cha chai. Mtu huyu hakuwahi kumpinga mkwewe hata kuhusu hali ya hewa. Aliweka kikombe chini.

“Mjomba,” alisema, “na mimi umri wangu unaniruhusu?”

Mjomba alitazama lori, akamtazama mkwe wake, akaondoka bila kuaga.

Kazi ya kokoto ikachukuliwa na mwenye lori mwingine. Dada alileta habari kwamba Mjomba nyumbani hasemi na mtu, na kwamba wazee wa ukoo wanauliza ni fundi gani huyu anayemfilisi aliyemlea. Alimsihi kaka yake akaombe radhi. Kigingi alisema ataomba radhi kwa kila kitu isipokuwa breki, kisha akaanza kupanga spana zake katika masanduku, maana aliahidi kuhama.

Alikuwa akifungua benchi ya vyuma kutoka sakafuni pikapu ilipoingia kinyumenyume. Nyuma yake mlikuwa na ekseli zenye ngoma pana za breki, na mitungi mikubwa ya upepo. Mjomba alishuka, akayatazama masanduku.

“Rudisha takataka zako mahali pake. Kiwanja bado changu, usidhani nimesahau.”

“Na breki ni zako, Mjomba.”

“Funga, acha maneno.”

Siku ya majaribio lori lilijazwa kokoto. Mjomba alipanda kando ya dereva bila kuambiwa, Kigingi akajibana katikati yao. Kileleni shemeji alipunguza gia, akaanza kushuka. Mkono wa Mjomba ulishika mlango mpaka mishipa ikamtoka. Katika kona ya korongo, pale lilipoanguka lori lililokuwa na injini ile, dereva alikanyaga breki. Lori likatii, likasimama kabisa, mzigo ukatulia. Mjomba alichungulia korongoni.

“Endelea,” alisema. “Tukifika chini, geuza. Nataka kuona linavyopanda.”