Panya Niliyempa Jina la Wifi

Kosa ni langu, wapendwa, na sina wa kumsingizia, maana mashahidi wenyewe ni panya.

Nilikuwa nimeolewa kijijini Isansa mwaka wa tatu. Akaja binti wa chuo, akakodi ghala la kahawa la baba mkwe, akaweka panya sita. Alitaka kujua kama panya wana huruma. Mmoja anafungiwa kwenye kiboksi cha wavu, mwingine anaachwa nje na mahindi pembeni. Atakimbilia chakula, au atamfungulia mwenzake kwanza?

Binti alikuwa akishinda vijiji vingine akitega panya, kwa hiyo mwangalizi nikawa mimi. "Mama, andika unachokiona tu," akaniambia. "Na usiwape majina."

Nikawapa. Namba Nne, mnene, mwenye maringo akitembea, nikamwita Wifi. Dada wa mume wangu aliwahi kusema mbele ya wageni kuwa kande zangu zinataka meno ya kuazima. Jamani, lile neno lilinikaa kooni!

Basi Namba Nne akimfungulia mwenzake, mimi naandika hakufungua. Siku moja alifungua, akamwachia na mahindi. Nikaandika: "Amejifanya mwema ili asifiwe." Nilisikia raha, siwafichi.

Msimu ulipoisha binti akakaa ghalani na daftari langu. Akasoma, akakunja uso.

"Mama, panya anakuwaje mnafiki?"

Kabla sijajibu akafunua ukurasa mwingine, akasoma kwa sauti: "Wifi kamwona mwenzake kafungiwa, kageuza kisogo, kala mahindi." Akaniangalia. "Wifi ndiye nani?"

"Ni mimi," sauti ikajibu mlangoni.

Wifi alikuwa amesimama na hotipoti. Alisikia tunashinda humo na njaa, akatupikia. Akaiweka chini taratibu. "Kuleni. Ni kande, na zimeiva."

Binti akamjaribu Namba Nne mwenyewe mara tano. Akafungua zote tano. Daftari zima likawa halifai, kazi ya msimu mzima ikapotea, akaanza upya na mwangalizi mwingine. Alilia siku ile, na kilio chake kinaniuma mpaka leo.

Ninyi mnaopewa kalamu muandike habari za wengine, vinyongo viacheni nyumbani.

Wifi hakunigombeza, na bora angenigombeza. Tukikutana gulioni Mlowo ananisalimia vizuri, ananiulizia watoto, halafu anasema mbele za watu: "Na leo, wifi, umeniandikaje?"