Mwekundu wa Afrika Kusini

Abdulwahid wa Pate hakuwahi kuonja mvinyo maishani mwake, na hiyo ndiyo sababu alikabidhiwa chupa. Wahudumu wengine wa ile hoteli ya Ras Kitau walikuwa wakionja kwa bidii ya kutisha, hata chupa zikaisha kabla wageni hawajashuka mashuani. Meneja, Douglas, akatazama huku na huku, akamwona mtu mmoja anayeswali swala tano na kuongea bila kuchoka. "Wewe," akasema.

Akaletewa mwalimu kutoka Nairobi, dada mmoja wa Kikisii aitwaye Bochaberi.

"Huu ni mkavu," alianza Bochaberi.

"Maji yatakuwaje makavu, Bi Bochaberi?"

"Hauna sukari. Hamira imekula sukari yote ya zabibu, ikaigeuza kilevi. Ingeacha kidogo, mvinyo ungekuwa mtamu. Sasa, tanini. Umewahi kunywa chai iliyochemka mpaka ulimi ukakunjamana?"

"Kwa mama mkwe, kila Ijumaa."

"Basi tanini ndiyo hiyo. Kwenye mvinyo hutoka katika maganda na kokwa za zabibu. Na mwili ni ule uzito unaousikia mdomoni. Tui la kwanza lina mwili, tui la mwisho halina."

Abdulwahid alifurahi mno. Alikuwa mtu wa maneno, na hapa palikuwa na maneno mapya yasiyomlazimu kumeza kitu. Bochaberi akampa siri ya kazi: kila chupa uitambulishe kwa mgeni kama unavyomtambulisha mtu.

Nyumbani alimwambia mkewe, Thuwaiba, kwamba amepandishwa cheo, sasa ni msimamizi wa vinywaji. Thuwaiba akafikiria Fanta, na mumewe akamwacha afikirie hivyo.

Siku ya mapumziko alikaa uani, simu sikioni, akifanya mazoezi na mwalimu wake. Thuwaiba alikuwa jikoni akikuna nazi.

"Mwekundu wa Afrika Kusini ana mwili," alisema Abdulwahid. "Mwanzo ni mkali, lakini ukimfungua mapema ukamwacha apumue, analainika. Yule mweupe ni mwepesi, huyo namweka na samaki."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

Thuwaiba aliimaliza nazi yake. Kesho yake, mumewe alipokwisha ondoka, alivaa buibui, akapanda boti hadi mji wa Amu, akavuka hadi Ras Kitau, akaingia ukumbini wageni wakila chakula cha mchana. Abdulwahid alikuwa amesimama, chupa mkononi, mdomo wazi.

"Yuko wapi huyo mwekundu?" aliuliza Thuwaiba. "Nimekuja kumwona huo mwili wake."

Bochaberi, aliyekuwa kando akimsimamia kazini, ndiye aliyeinyooshea kidole chupa.

"Ni huyu, dada. Ni mvinyo."

Abdulwahid akapumua, akidhani ameokoka. Thuwaiba aliitazama chupa, akamtazama yeye.

"Mke mwenza ningemweza," alisema taratibu. "Ningemtoa nti hii kwa mdomo wangu tu. Hiki nitakifanya nini? Na ulinambia vinywaji."

"Si kinywaji?"

"Abdulwahid."

Jina lake halikuwahi kuwa zito vile. Mtu aliyejisifu kwamba hajawahi kuonja, akaona haya mbele ya mtu asiyehitaji kuelezwa chochote. Akaiweka chupa mezani, akamfuata Douglas ofisini, akaomba arudishwe kwenye kazi yake ya zamani ya kuwaandalia wageni samaki. Douglas alilalamika, akakubali. Chupa akapewa Jabez, kijana wa bara, ambaye hakuwa na maneno mengi ila alikuwa na kiu.

Jioni wakarudi pamoja. Walipofika Amu, Thuwaiba akaketi gatini kungoja boti ya Pate.

"Yule mweupe," alisema bila kumtazama. "Kwa nini na samaki?"

"Ana uchachu. Unakata mafuta, unaamsha ladha ya samaki."

Thuwaiba akalifikiria hilo kwa makini.

"Si mumkamulie ndimu?"