Kiacheni Kiluma Mteremkoni

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu ambayo hadi leo ikinijia natamani kujizaba kofi. Nitakusimulia, mwanangu, na usinikatize, maana nimeamka na hasira. Jana niliwaona vijana wa hapa Katangi wakipakia viluma, ile mishubiri ya porini, kwenye pikapu, mizizi juu, vikapambe nyumba mpya za Syokimau. Nilipowagombeza, mjukuu wangu Mutua alicheka. "Ah, susu, hiyo ni kitu ya porini tu. Itamea tena."

Itamea tena! Hata mimi niliwahi kusema hivyo hivyo.

Nilikuwa nimekaa kwa mume wangu miezi michache, lakini ntheo ilikuwa haijapelekwa. Wewe wa siku hizi huenda hujui uzito wake. Ni mbuzi na asali ambazo wazee hupeleka kwa baba wa msichana, na kabla ya hapo mimi sikuwa mke wa mtu, hata ningepika na kulima namna gani. Mbuzi walikuwa tayari. Asali ilikuwa bado haijaiva kwenye mizinga ya baba mkwe wangu, mzee Musyoka, iliyoning'inia kwenye migunga juu ya mteremko. Na kule Kangundo baba yangu alikuwa mgonjwa, akiwasubiri wageni hao.

Mimi nikataka sifa. Mteremko ule ulijaa kiluma, miiba kila mahali, na kwetu shamba la mtu mwenye bidii ni lile lililofyekwa likang'aa. Mzee alipoenda sokoni nikaita mwethya, wanawake wa jirani wanaosaidiana kazi, kila mmoja na jembe lake. Tuliimba, tukang'oa hadi alasiri. Ulikuwa ukame, na maua mekundu ya kiluma ndiyo kwanza yalikuwa yanafunguka. Nyuki walitusumbua sana, tukawafukuza kwa moshi. Hebu niambie, huo si ujinga? Wenye chakula wananizonga usoni, na mimi nawapulizia moshi!

Mzee Musyoka aliporudi alisimama kando ya rundo la viluma tulivyong'oa.

"Nani amefanya hii kazi?"

"Ni mimi, baba. Nilitaka pakae safi."

Aliokota kiluma kimoja chenye ua. "Angalia hii milima yote. Unaona ua ingine wapi?"

Niliangalia. Hapakuwa na ua jingine, wala jani bichi.

"Mvua ikikosa, nyuki iko na hii tu," alisema. "Wewe umemwaga chakula yao yote siku moja, halafu unangoja asali?"

Nikamwambia tutavirudisha ardhini, vitamea.

"Vitamea, ndiyo. Kiluma ni ngumu kufa. Lakini haitatoa maua mwaka huu, na pengine hata mwaka ujao. Nyuki haiwezi ngoja."

Na hawakungoja. Baada ya majuma mawili mizinga ilikuwa mitupu. Nyasi zilizokuwa zikijificha chini ya majani yale ya miiba, mahali ambapo mbuzi hafikishi mdomo, zililiwa zikaisha. Mvua ya Novemba ilipofika, udongo ulioshikwa na mizizi ile miaka yote uliteremka hadi mtoni. Hata chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda anayebeba chavua toka ua hadi ua, alihama.

Tulivipanda tena, mimi na mzee, kimoja kimoja, yeye akishika na mimi nikifukia. Jirani alijitolea kumpa asali akakataa. Alisema mtu huenda kwa wakwe na asali ya mizinga yake. Mara ya mwisho nilipomtembelea baba yangu aliniuliza, "Wazee wanakuja lini?" Nikamdanganya kwamba wako njiani. Alizikwa kabla kiluma hakijatoa ua hata moja, na ntheo yangu ikapokelewa na kaka yangu.

Sasa elewa kwa nini nafoka. Sina hasira na Mutua peke yake, nina hasira na yule msichana mwenye jembe. Nasema wazi: usikiguse kiluma cha mteremkoni. Anayetaka bustani asubiri mbegu zikomae, azikusanye chache, nyingine aziachie upepo, kisha apande kwake na avumilie miaka kama sisi. Na kabla ya kuita kitu takataka, uliza kwanza ni nani anayekula hapo wakati wa njaa. Mimi sikuuliza.

Nenda, mwanangu. Mungu akuzidishie miaka, akupe kipindi cha maua na macho ya kuyaona. Na akujalie, wazazi wako wanapokuuliza jambo, uwe na jibu la kweli wakiwa bado hai.