Wageni na Njia ya Msikitini

Juzi nilinusa udi kwa jirani kabla wageni wake hawajafika, nikacheka peke yangu.

Siku moja utotoni mwangu, kwetu Kiwalani, shangazi alipiga simu kuwa ameshashuka stendi. Mama ndiyo kwanza alikuwa amerudi kazini, vyombo havijaoshwa, nguo zimejaa kwenye makochi. "Kimbia ukampokee," akaniambia, "ila mpitishe njia ya msikitini."

Nikatoka mbio, nyuma nikisikia ndoo zikigongana. Niliamini njia ile ndefu ndiyo heshima ya wageni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Nikamwonyesha kila duka, kila kibanda cha kuku. Tulipokaribia nyumbani, harufu ya udi ikatufikia. Shangazi akasimama, akavuta pumzi.

"Udi ndiyo kwanza unawaka," akasema. "Twende tena mpaka msikitini, wifi yangu apate kuoga."