Kigingi cha Kona ya Nne

Nilikuwa mtoto wa darasa la tano, kichwa kimenivimba kwa elimu, mwaka ule baba alipoamua kututoa kwenye tembe la marehemu babu na kutujengea nyumba ya matofali. Kwetu ni milimani, upande wa Kilolo, ambako ukungu huingia uani bila kupiga hodi na kuondoka unapotaka wenyewe. Baba alikuwa mwashi, kazi aliyojifunza misheni. Matofali alikwisha kuyachoma. Kilichobaki kilikuwa kupima kiwanja.

Shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha kuchora mraba kwa bikari na rula tu. Nilipomwonyesha baba mchoro wangu, aliushika mbali na macho, akauzungusha, akacheka kwa furaha. Yeye alizoea kupima pembe kwa kifaa cha mbao cha misheni, na kifaa hicho hakikuruhusiwa kutoka misheni.

"Hii tunaweza kuichora chini?"

"Tunaweza, baba. Kamba na kigingi ndiyo bikari. Rula tutumie mwanzi ulionyooka."

Jumamosi asubuhi tukaanza. Baba alikuwa ametuchagulia mahali pa ukuta wa mbele, tukapiga kigingi kila mwisho. Tukaurefusha mstari kupita kigingi cha kwanza, nikaweka alama mbili, moja huku na moja kule, umbali sawa. Kutoka kila alama nikazungusha kamba na kukwaruza tao kwenye udongo. Pale matao yalipokatana baba akalaza mwanzi hadi kwenye kigingi, na pembe ikasimama sawasawa. Tukapima urefu uleule wa ukuta wa mbele kwa kamba, tukapata kona ya tatu. Baba alikuwa akiniangalia kama vile nimeota pembe. Sijapata kupendwa namna ile tena na mtu yeyote, nasema kweli.

Kona ya nne ndiyo iliyonipendeza kuliko zote. Ile haina haja ya pembe nyingine. Unakwaruza tao kutoka kona ya pili, unakwaruza jingine kutoka kona ya tatu, yanapokutana ndipo hapo. Kona tatu unazitafuta, ya nne inajileta.

Ilijileta nyuma ya tembe, chini ya mianzi.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa juani akipukuchua mahindi. Nilimwona akisimama, punje zikimwagika kutoka mapajani, naye hakuziokota. Bibi yangu hakuwa mtu wa kumwaga mahindi.

"Baba Twilumba," alisema, akimwita kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, "kigingi hicho usikipige hapo."

"Kwa nini, mama?"

"Hapo nimezika makondo ya nyuma ya watoto wako wote. Hata la huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Mwenzio ana mimba. Ukipiga mti hapo utampigilia mtoto ndani."

Mimba ile ilisubiriwa. Mimi ndiye niliyekuwa kitinda mimba kwa miaka mingi mno, na wanawake wa kijijini walikwisha kuacha kumuuliza mama. Mwaka ule alipata, tumbo likakua, ikawa imebaki kidogo tu. Nyumba yenyewe baba aliijenga kwa ajili ya huyo anayekuja, ingawa hakulisema hilo mbele za watu.

Baba alivua kofia. Alikuwa Mkristo wa kusali kila Jumapili, lakini alivua kofia.

"Mama, ningekusikiliza. Lakini kona moja haisogezwi. Ikisogea hii, nyumba yote inapinda."

Bibi akanigeukia. "Nawe mjukuu wangu, huko shuleni wanasemaje? Haisogei hata hatua moja?"

"Haisogei, bibi. Ikisogea si mraba tena."

Lilikuwa jibu sahihi. Mwalimu angeniambia nikae, vizuri sana.

Baba akapiga kigingi. Udongo wa pale ulikuwa laini, kikazama bila ubishi, na bibi akaingia ndani. Punje zake wakazila kuku.

Jioni mama alikaa jikoni, mkono ubavuni. "Leo ametulia," alisema. Kesho yake akasema hivyohivyo, ila sasa alimwambia bibi kwa sauti ya chini, na bibi akaweka sikio kwenye tumbo, akalikawiza hapo. Nilitaka aniangalie. Hakuniangalia. Ukungu wa juma lile haukuondoka hata mchana. Kila nilipokwenda kuchota maji nilipita karibu na kamba zetu zilizokazwa, zenye umande, nikawa nazunguka mbali. Zilianza kunitisha, kamba nilizozikaza mwenyewe.

Uchungu ulipomshika mama, baba alikuwa kazini misheni. Wanawake walijaa ndani ya tembe. Nikiwa nje, nilimwona bibi akitoka, akaenda moja kwa moja kwenye mianzi, akapiga magoti, akakishika kigingi kwa mikono miwili. Kilichoingia kwa urahisi kilikataa kutoka. Alikitikisa, akakilaani kwa Kihehe, akakilaza huku na huku mpaka kikang'oka, akabaki amekaa matopeni akihema. Kisha akarudi ndani na mikono ileile ya udongo, na mwanamke mmoja akammwagia maji anawe.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Hakulia.

Watu wangetegemea bibi aseme asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakusema, si siku ile wala nyingine. Alimviringisha mtoto katika kanga yake mpya, na baba alimzika.

Siku chache baadaye baba aliniita. "Lete kamba."

Aling'oa vigingi vitatu vilivyobaki. Akasimama pale kilipokuwa cha kwanza, akageukia mlimani, akapiga hatua moja, akakipiga hapo. Kwa cha pili akafanya vilevile. Kisha tukarudia yote: alama, matao, mwanzi, kamba. Kona ya nne ikajileta kwenye nyasi tupu, nje ya kivuli cha mianzi. Mraba ulikuwa uleule, haukupungukiwa kitu. Jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kanga kiunoni kwa nguvu.

"Kumbe unahamishika," alisema, akarudi ndani. Hakushika mimba tena.

Nimekuwa mtu mzima, nimeongea na wakunga, wameniambia watoto hufa tumboni kwa mengi yasiyo na kigingi. Nawaamini. Lakini namwamini pia bibi, na wala sioni haja ya kuwapatanisha. Kinachoniamsha si swali la nani alisema kweli. Bibi hakutuomba tuupinde mraba. Aliomba tusipige mti pale. Sisi wawili, fundi na msomi wake, tulijibu kuhusu kona moja, na jibu lilikuwa sahihi, tukaridhika nalo.

Nyumba ingali imesimama. Nikienda nyumbani huzunguka nyuma, nikasimama kwenye ile kona, kisha nikaivuka ile nafasi hadi chini ya mianzi. Ni hatua moja tu, tena ya kawaida.